Juu ya Kumpakata Mtoto Garini

Liko swali linaloulizwa mlangoni mwa nyumba wakati mizigo imekwisha kupakiwa. Gari languruma, saa yakimbia, msafiri ameshika hati zake mkononi, na hapo ndipo mmoja auliza: Na mtoto je, atakaa wapi? Jibu huja upesi, wala hapatikani wa kulipinga: Mpakate tu, si mbali. Basi mtoto hupakatwa, mlango hufungwa, na gari hushika njia ya kiwanja cha ndege. Swali hilo dogo ndilo nitakalo tulifikiri pamoja mwezi huu, maana jibu lake la haraka limeficha shauri kubwa ndani yake, nalo ni hili: Ni nani mwenye haki ya kuikubali hatari kwa ajili ya mtu asiyeweza kukubali wala kukataa?

Kwanza tuitazame desturi yenyewe, tusije tukaihukumu kabla ya kuijua. Kwetu msafiri haendi peke yake, wala hapokewi na mtu mmoja. Aendaye mbali husindikizwa, na arudiye kutoka mbali hulakiwa. Watu wa Moshi na wa Arusha wakisikia ya kuwa ndugu yao yuaja kwa ndege, huenda kumngoja katika kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971 kati ya miji hiyo miwili. Safari yenyewe ni ya kilometa 40 au 50 hivi, na baadhi ya ndege za mbali hutua usiku. Baba aenda, mama aenda, bibi aenda kwa kuwa mjukuu wake ndiye arudiye, shangazi aenda kwa kuwa haiwezekani aachwe, na watoto huenda kwa kuwa wanataka kuona ndege. Gari lenye nafasi ya watu watano hubeba wanane. Hakuna mbaya kati ya hao. Kila mmoja ameingia garini kwa sababu ya upendo, na mtoto naye yuko mapajani kwa sababu ya upendo. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulisema. Si rahisi kumwambia mtu kwamba tendo lake la upendo lina kasoro, hasa mtu huyo akiwa ni mkubwa wako.

Lakini na tupime. Gari likienda kilometa 50 kwa saa, kila kilichomo ndani yake chaenda mwendo uo huo, hata mtoto aliyelala. Gari likigonga kitu na kusimama ghafula, mtoto hasimami pamoja nalo. Yeye huendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka azuiwe na kitu. Mwendo huo ni sawa na mwendo wa kitu kilichoanguka kutoka juu mita 10, yaani kutoka kileleni mwa mnazi mrefu. Na gari likienda kilometa 80 kwa saa, ni sawa na kuanguka mita 25. Mwalimu wa hesabu aweza kuyahakikisha hayo kwa kalamu na karatasi. Tuseme basi mtoto ana uzito wa kilo 10, naye yapasa asimamishwe katika nafasi ya nusu mita tu, gari likiwa katika mwendo ule wa 50. Mikono itakayomzuia itabidi kustahimili uzito kama wa kilo 200, ndio magunia mawili ya mahindi, tena katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwanamke mwenye nguvu kuliko wote katika usharika hawezi, wala mumewe hawezi. Mtoto atatoka mikononi kabla mama hajajua kwamba gari limegonga.

Na kama mama mwenyewe hakufunga mkanda, ni vibaya zaidi, kwa maana yeye naye huenda mbele kwa uzito wake wote, na mtoto yuko kati yake na kiti cha mbele. Wako wanaofikiri kwamba watapata salama kwa kuzungusha mkanda mmoja juu ya mama na mtoto pamoja. Hapo mkanda humzuia mama, na mama humbana mtoto juu ya mkanda. Mbeleko nayo ni kitu chema sana shambani na njiani kwa miguu, lakini haikufumwa kwa ajili ya kushika magunia mawili, na mama aliyeegemea kiti cha gari hali mtoto yuko mgongoni amemweka mahali pa kuminywa.

Kiti cha mtoto hufanya kazi ambayo mikono haiwezi. Kimefungwa katika gari, na mtoto amefungwa katika kiti kwa mikanda ya mabegani na nyongani, hata yeye na gari wawe kama kitu kimoja. Idara ya usalama wa barabara ya Marekani imehesabu kwamba katika magari madogo kiti hicho hupunguza vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja kwa asilimia 71, na vya wale wa mwaka 1 mpaka 4 kwa asilimia 54. Tena mtoto mchanga yafaa atazame nyuma ya gari. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo yake bado ni laini. Akitazama mbele, mwili huzuiwa na mikanda lakini kichwa hurushwa. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, aliyajua hayo. Mwaka 1964 alitengeneza kiti cha kujaribia kilichoelekea nyuma, akiwa amejifunza kwa wanaanga wa Marekani waliolazwa chali katika vyombo vyao, ili nguvu ya mshindo ienee mgongo mzima. Katika nchi ya Sweden wazazi hata leo hushauriwa kuwaweka watoto hivyo mpaka umri wa miaka minne.

Yafaa hapa nieleze habari ya jimbo la Tennessee katika Marekani, maana swali letu liliulizwa huko na watunga sheria, wakalijibu vibaya, kisha wakalijibu tena. Katika mji wa Murfreesboro alikuwako daktari wa watoto, jina lake Robert Sanders. Aliwasihi wakubwa wa jimbo lake watunge sheria ya kumlazimu mzazi amweke mtoto mdogo katika kiti chake. Sheria ilipita mwaka 1977, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1978, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika majimbo yote ya Marekani. Lakini kabla haijapita, wajumbe walitia ndani yake kifungu kimoja cha ruhusa: mtoto aweza kusafiri bila kiti ikiwa mtu mkubwa amembeba mikononi. Waliojua habari za ajali walikipa kifungu hicho jina la kutisha, ambalo kwa Kiswahili tungesema Kiponda-mtoto. Ruhusa hiyo ilikaa katika kitabu cha sheria mpaka mwaka 1981, ndipo ikafutwa. Kufika mwaka 1985 majimbo yote ya nchi ile yalikuwa na sheria ya viti vya watoto.

Nawafikiria mara nyingi wale wajumbe wa Tennessee. Hawakuwa watu wakatili, wala hawakuwa wajinga. Walitunga sheria ya kumlinda mtoto, na katikati yake wakaacha mlango wazi kwa kitu kile ambacho wanadamu wote hukiona kuwa ni ulinzi kuliko kila ulinzi, yaani mikono ya mama. Na kweli, mahali pengine pote ndivyo ilivyo. Moto ukizuka, mama humnyakua mtoto. Mbwa akija, humwinua juu. Mtoni humshika, na penye baridi humfunika kwa mwili wake. Tangu kale mikono hiyo haijamdanganya mtoto. Sasa wanadamu wamejitengenezea chombo kinachokwenda mbio kuliko farasi, na ndani ya chombo hicho mikono ile ile hutoa ahadi isiyoweza kuitimiza. Mtoto hajui. Amelala kifuani kwa amani ile ile aliyo nayo nyumbani. Naona kwamba hapa ndipo penye uzito wa jambo, maana yeye ametutumaini katika neno ambalo sisi tulikuwa na uwezo wa kulijua na yeye hakuwa nao.

Sasa turudi kwa yale maneno mawili, “si mbali” na “mara moja tu.” La kwanza halina nguvu. Njia ya kiwanja cha ndege kwa kawaida si njia fupi wala ya polepole, kwa kuwa viwanja hujengwa nje ya miji, na barabara zake ni za mwendo mkubwa; tena aiendeaye ndege ana haraka kuliko aendaye sokoni. La pili ndilo linalotaka kufikiriwa zaidi. Mtu akisema, Mimi leo sifungi mkanda, ni mara moja tu, huyo ni mpumbavu kidogo, lakini ameiweka rehani mali yake mwenyewe. Akisema hivyo juu ya mtoto, ameweka rehani kitu alichopewa kukitunza. Tena tazama jinsi faida na hasara zilivyogawanywa. Nafasi ya kumchukua mtu mmoja zaidi ni faida yetu. Kuokoa nusu saa ni faida yetu. Kuepuka maneno ya jamaa ni faida yetu. Hasara, ikija, humwendea yeye.

Chukueni mfano wa mtunza hazina wa usharika. Ana sanduku la sadaka, na rafiki yake mfanyabiashara amwomba fedha kwa juma moja. Rafiki ni mwaminifu, biashara ni nzuri, na yamkini fedha itarudi. Akatoa, na baada ya juma moja ikarudi yote, senti kwa senti. Je, wazee wa kanisa wakipata habari, watasema kwamba hakuna neno kwa kuwa hakuna kilichopotea? Hawatasema hivyo. Watamwambia kwamba fedha ile haikuwa yake ya kubahatisha, hata mara moja, hata kwa mtu mwaminifu. Vivyo hivyo mtoto aliyefika salama mapajani hakumpa mzazi wake haki. Alifika salama tu. Na wazee wanaosema, Mbona sisi tulipakatwa tukakua? wasema kweli. Lakini wale ambao hawakukua hawapo barazani kutoa ushuhuda wao.

Mtu mwenye akili ataniuliza: Mbona katika ndege yenyewe mtoto asiyetimiza miaka miwili hupakatwa? Je, watu wa ndege hawajui hesabu yako ya magunia? Hilo ni swali jema, nami sitalipita upesi. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya safari namba 232 ya shirika la United, iliyoharibikiwa angani, ilianguka katika kiwanja cha Sioux City, jimbo la Iowa. Watu zaidi ya 100 walikufa, na zaidi ya 180 waliokoka. Ndani yake walikuwamo watoto wanne wasio na viti. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, aliwaambia wazazi wawalaze sakafuni na kuwazuia, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Mmoja wa watoto hao alikufa. Mama huyo baadaye alitumia miaka mingi kuwaomba wakubwa waiondoe ruhusa ya kupakata, na baraza la Marekani linalochunguza ajali limeomba vivyo hivyo. Lakini idara ya serikali inayosimamia ndege ilikataa mwaka 2005, ikatoa sababu. Ilisema: Tukiwalazimisha wazazi kununua nafasi ya mtoto, wengine wataiacha ndege kwa ajili ya gharama, wataenda kwa gari, na kwa kuwa barabara huua kuliko ndege, watoto watakaokufa watakuwa wengi zaidi.

Hoja hiyo yaweza kupingwa, na wako wanaoipinga. Mimi naiheshimu kwa sababu moja. Katika mizani ile, upande huu mna uhai wa watoto, na upande ule mna uhai wa watoto. Ruhusa imetolewa, au yadaiwa kwamba imetolewa, kwa ajili ya watoto wenyewe. Mizani yetu ya mlangoni si hiyo. Upande mmoja mna uhai wa mtoto, na upande wa pili mna nafasi ya shangazi na nusu saa ya usingizi. Tena ona jinsi hoja ya ndege inavyomgeukia aliyeileta. Yenyewe yasimama juu ya neno hili, kwamba barabara ni ya hatari kuliko anga. Basi mtu awezaje kusema, Kwa kuwa nitampakata mahali penye hatari ndogo, nitampakata na mahali penye hatari kubwa?

Ruhusa ya pili ni ya teksi. Katika Uingereza, tangu mwaka 2006, mtoto yampasa kukaa katika kiti kimfaacho mpaka atimize miaka 12 au afikie urefu wa sentimeta 135. Walakini katika teksi isiyo na kiti cha mtoto, sheria yamruhusu kusafiri katika kiti cha nyuma bila hicho, na aliye chini ya miaka mitatu hata bila mkanda. Katika jiji la New York pia teksi zimeachiliwa. Wageni wengi wakishuka katika ndege huko husoma habari hizo wakafurahi, wakidhani kwamba watu wa serikali wamepima wakaona ni salama. Sivyo. Sheria imemfikiria dereva, ambaye hawezi kuchukua viti vya watoto wa kila umri katika gari lake mchana kutwa. Imepima liwezalo kudaiwa kwa dereva, ikanyamaza juu ya mzazi. Haikusema kwamba teksi ikigonga hugonga kwa upole.

Wako tena wajibuo: Tumeomba kabla ya kutoka, na Mungu ndiye mlinzi. Neno hili ni la imani, wala sitaki kulidharau. Lakini Torati ilimwagiza mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Aliyepewa agizo hilo alikuwa Mwisraeli mwenye kuomba, naye hakuambiwa kwamba sala zake zatosha bila ukuta. Tena angalieni kwamba ukuta ulitakiwa kabla mtu hajaanguka. Na Martin Luther, alipoulizwa na wachungaji wa Breslau habari za tauni, aliwajibu mwaka 1527 kwamba mtu anayezidharau dawa na asiyejilinda, akisema Mungu atamponya akitaka, huyo amjaribu Mungu. Walimu wetu wameyafundisha hayo juu ya chandarua na juu ya maji ya kuchemsha, na watu wameyapokea. Sioni kwa nini yasifundishwe juu ya mkanda.

Sasa nimefika penye ugumu wa kweli. Kiti kipya kina bei kubwa, na wengi wanaosoma ukurasa huu hawana gari, husafiri kwa basi au daladala, na wakienda kumlaki mgeni hukodi gari la jirani. Kumwambia mtu wa namna hiyo habari za kiti cha mtoto ni kama kumwambia habari za vyombo vya fedha. Nasema wazi kwamba wajibu haupiti uwezo. Mama anayempakata mwanawe ndani ya basi kwa kuwa hakuna njia nyingine hana hatia ya kuulizwa na mtu awaye yote. Lakini tusiruhusu umaskini wa huyo uwe kinga ya yule aliyeweza na hakujali. Mtu aliyelipa nauli ya ndege ya watu wanne, akanunua na masanduku mapya, hawezi kujificha nyuma ya mama wa daladala.

Na hata asiye na kiti ana mambo yaliyo katika uwezo wake. Gari likienda kilometa 30 badala ya 50, kule kuanguka kwa mita 10 hupungua kuwa mita tatu na nusu, na hilo halina bei ila kutoka nyumbani mapema. Mtoto akae nyuma, asikae mbele. Mtoto mkubwa awezaye kukaa mwenyewe apewe mkanda wake peke yake, asishirikiane na mtu. Na wakati mwingine jambo jema kuliko yote ni mtoto abaki kwa jirani, alale, amwone mgeni asubuhi. Tena sharika zetu zina viti na masufuria ya kuazimwa kwa arusi na kwa msiba, na zingine zina maturubai. Je, ni vigumu kuongeza hapo viti viwili vya watoto, kimoja cha mchanga na kimoja cha mkubwa wake, vikae katika stoo ya kanisa na kuandikwa katika daftari kama masufuria? Sharti moja tu, historia ya kiti ijulikane, kwa kuwa kiti kilichokwisha kupata ajali hakifai tena, hata kama kwa macho hakionekani ufa.

Aliye nacho naye akitumie sawasawa. Kiti kilichowekwa juu ya kiti cha gari bila kufungwa ni mzigo tu, nacho kitaruka pamoja na mtoto. Kiti kitazamacho nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana mfuko ule ukifumka humpiga mtoto kichwani. Na khanga au blanketi yafaa iwe juu ya mikanda, isiwe chini yake, ili mikanda imshike mtoto na si nguo.

Limebaki jambo la jamaa, nami nadhani ndilo huwashinda wengi kuliko fedha. Kiti cha mtoto huchukua nafasi ya mtu mkubwa mmoja, na mtu huyo ana jina. Fikirini ndugu zetu wakaao Ujerumani au Minnesota. Mtoto wao tangu kuzaliwa hajapanda gari bila kiti, kwa maana huko sheria yalazimisha. Katika Ujerumani ni mpaka miaka 12 au urefu wa sentimeta 150. Wakishuka Kilimanjaro usiku, bibi humnyoosha mkono mjukuu ambaye hajamwona tangu azaliwe, humkumbatia, na kuingia naye garini mapajani. Mama wa mtoto amesimama na kiti mkononi. Anajua lililo sawa. Lakini akifungua kinywa chake ataonekana amejifanya Mzungu, amemnyang'anya mkwewe furaha aliyoingoja miaka mitatu. Mara nyingi hunyamaza. Simlaumu sana, ila nasema kwamba mzigo huo haukuwa wake. Mke mdogo hawezi kumwambia mama mkwe, Shuka. Mwanawe aweza kumwambia, tena si pale kiwanjani, bali siku mbili kabla, kwa simu na kwa heshima: “Shikamoo mama. Tunakuja na mtoto, naye ana kiti chake garini, hatupakati hata kidogo. Kwa hiyo mwambie baba atafute gari la pili, au shangazi atulaki nyumbani.” Mzee mwenye hekima akisikia hivyo atajitolea mwenyewe kubaki, na akibaki yeye, hakuna mwingine atakayeona kwamba amedharauliwa. Kulakiwa mlangoni, chakula kikiwa tayari na taa zikiwaka, ni heshima isiyo ndogo kuliko ile ya kiwanjani, na wazee wetu ndivyo walivyowapokea wageni kabla ya ndege kuwako.

Kiti chenyewe mashirika mengi ya ndege hukichukua bila malipo, basi hakuna sababu ya kukiacha Ulaya. Baba akifunge kwanza, kabla ya mizigo, ajaribu kukitikisa aone kama kimeshika. Kisha bibi akae kando yake, upande wa dirisha, amshike mtoto mkono njia nzima na kumwimbia akitaka, kwa maana hilo kiti hakilizuii.